Tanzia ya Jenerali Oredan

Lom, 5 Novemba

Mwanangu Zorka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Bologna. Mimi sijambo, ni goti tu linalonisumbua mvua ikikaribia, na huku mvua haijakatika tangu uondoke. Yule bibi unayemtunza anaendeleaje? Bado anakuficha viatu?

Plamen, dereva wa basi, kanishushia mzigo uliomwachia mjini Sofia. Soksi nimezipata, asante sana. Sasa hivi vitabu. Zorka, nilikuambia majira ya baridi ni marefu, sikukuambia nataka kujenga ukuta. Vitatu, na kila kimoja nikikiweka mezani meza inalia.

Nimeanza cha kwanza kwa sababu televisheni imeharibika, nisikufiche. Mwanzoni kuna ramani. Nilikaa nayo siku nzima nikitafuta mto Danube, mpaka Stanka wa baa akaniambia hiyo nchi haipo. Majina ya watu hayatamkiki. Kuna ndugu watatu wenye majina yanayofanana, mmoja kafa mapema kabisa, na mimi nikaendelea kumsoma yu hai hadi katikati ya kitabu. Kuna joka vilevile, lakini halifanyi chochote. Limelala chini ya mlima na watu wanaogopa kukohoa.

Ila kuna mtu mmoja, Jenerali Oredan. Huyo ndiye mtu. Amezingirwa na maadui ngomeni, theluji imefika kiunoni, chakula kinakwisha, na mfalme amempa habari kwa siri kwamba jeshi la kumwokoa halitakuja. Unajua anafanya nini? Anamwambia binti yake peke yake, basi. Kisha anapanda ukutani kuwaambia askari wake kwamba mioto ya jeshi la mfalme imeonekana nyuma ya milima. Kila siku anawaambia hivyo. Na wale vijana wanaimba, Zorka. Wanakunywa supu ya ngozi za viatu na wanaimba. Nilipofika hapo nilivua miwani.

Wewe ulipofika hapo ulilia? Nijibu. Nimempa Plamen chupa za pilipili na nyanya nilizosaga mwenyewe. Si kama za mama yako, usizilinganishe.

Ni mimi baba yako,
Velko


Bologna, 19 Novemba

Baba, shikamoo.

Pole na goti. Lipake ile dawa ya farasi aliyokupa rafiki yako Spas, hata kama inanuka. Mimi mzima, nimechoka tu. Bibi Ornella hajambo, viatu sasa anaficha ndani ya oveni, kwa hiyo kabla sijaoka kitu nachungulia kwanza. Chupa zimefika. Moja nimeimaliza nimesimama, kwa mkate mtupu.

Oredan, ndiyo, Oredan. Mtu wa maana sana yule. Nililia, ndiyo. Endelea tu kusoma.

Baba, kuna jambo. Machi hii mama anatimiza miaka mitatu tangu atutoke. Najua utakwenda kwa Mirela mchapaji kutoa tanzia mpya, kama desturi yetu kila mwaka, utabandika getini, kwenye nguzo za barabarani na mlangoni kwa kanisa. Ile ya siku arobaini iliandikwa chini ya picha: wanaomlilia, mume Velko, binti Zornitsa, ndiye mimi. Ya mwaka wa kwanza ikawa hivyohivyo, na ya pili hivyohivyo. Mtu akiingia Lom leo, hamjui yeyote, ataamini Raina alizaa mtoto mmoja. Ndugu yangu Kamen anatoka Vidin na maua yake, anapita mbele ya hizo karatasi kwenda kaburini, na kila mtu anamtazama.

Najua alichofanya. Sote tulikubaliana mama asiambiwe kwamba hatapona, kama watu wote wanavyofanya kwa wagonjwa wao, na yeye akaingia akamwambia. Sisemi alifanya vizuri. Sikuombi uzungumze naye, wala sikuombi umpende. Safari hii weka jina lake, basi. Ni mwanawe.

Usinijibu kwa hasira. Lala kwanza ndipo uandike.

Binti yako,
Zorka


Lom, 8 Desemba

Mwanangu,

Nimelala mara nyingi na jibu ni lilelile. Kwanza habari: mimi mzima, kuku wazima, goti sitalitaja tena maana limeshazoea. Msalimie bibi Ornella na umfungie oveni.

Jina halitawekwa. Wewe hukuwepo pale Pleven hospitalini. Mama yako alikuwa anakula. Alikuwa anakula mtindi na kuniuliza kama nimemwagilia maua. Nilimwambia ni vidonda vya tumbo, akipona tutarudi nyumbani tupake jikoni rangi, akawa anachagua rangi, leo kijani, kesho ile ya maziwa. Mimi nimemshika mkono, tunachagua rangi. Kamen kaja, kafunga mlango, katoka. Tangu siku hiyo Raina hakuuliza tena habari za jikoni. Aligeukia ukutani, na baada ya wiki chache hakuwepo. Sasa huyo aliyemzimia taa, nimwandike kwamba anamlilia?

Tuyaache hayo. Oredan amekufa. Nimekaa siku mbili sina hamu ya kula. Na aliyemmaliza si adui, ni binti yake mwenyewe, Halmira, mshika funguo wa lango, yuleyule aliyeambiwa siri. Kawaambia askari kwamba hakuna jeshi. Nusu yao wakatupa silaha, wengine wakatoka wakafia thelujini, ukutani wakabaki wazee na wapishi. Oredan kauawa palepale alipokuwa akisimama kuwatia moyo watu. Nilikitupa kitabu kwenye rundo la kuni.

Kisha nikaenda kukiokota, kwa sababu baa nzima inasubiri. Nilisahau kukuambia. Kila mchana nikimaliza kula nakwenda kwa Stanka nawasimulia nilipofika. Spas, yule niliyekuwa naye kwenye winchi bandarini, ambaye tangu shuleni hajashika kitabu, ananigombeza kwamba nasoma polepole. Nilipowaambia Oredan kafa, akavua kofia. Stanka akammwagia marehemu tone la pombe ya rakia sakafuni, akasahau kwamba mpiga deki ni yeye.

Niambie kitu kimoja tu kabla sijafungua cha pili. Halmira anaadhibiwa?

Baba yako mwenye majonzi,
Velko


Bologna, 20 Desemba

Baba yangu mpendwa,

Krismasi njema kwako, kwa kuku, na kwa kina Stanka wote. Nasikitika sitakuja, mwanawe bibi Ornella anasafiri na hakuna wa kubaki naye. Nimekutumia keki ya zabibu kavu na vesti mbili. Vaa zote, si moja kabatini kwa ajili ya mazishi yako.

Halmira anaadhibiwa, usijali. Anaadhibiwa vikali mno. Soma.

Habari ya jina sijaiacha, nimeipumzisha tu.

Binti yako,
Zorka


Lom, 15 Januari

Zorka,

Heri ya mwaka mpya, na afya, na kila unachokitaka. Keki tumeila baa, Spas alisema ni mkate ulioharibika lakini alikula vipande vitatu. Mimi mwili mzima, kichwa ndicho sikielewi.

Ulinidanganya. Halmira haadhibiwi. Halmira ndiye anayesimulia! Kitabu cha pili chote ni yeye anazungumza, kuanzia mstari wa kwanza, "nilikuwa na funguo mkononi", na mimi nilikaa kumtukana kwa sauti kurasa nyingi, jirani akaja kuuliza kama nina mgeni.

Sasa sikia. Kumbe hakwenda kuwatangazia watu. Kulikuwa na askari mmoja kijana, Tovik, mguu umeoza, na mganga anataka kuukata. Kila Halmira akimletea maji anamuuliza: je, kweli wanakuja? Kama wanakuja atavumilia msumeno. Kama hawaji, anataka kufa na miguu yake miwili, na kuna mtu humo ngomeni anataka kumwomba msamaha kabla hajafa. Anauliza na kuuliza. Mwishowe Halmira akamjibu. Alimwambia yeye tu, ni Tovik aliyewaambia wengine.

Na kuna jingine. Nyuma ya ngome palikuwa na njia ya mbuzi. Wangeondoka mapema kabla theluji haijajaa, wengi wangepona. Lakini nani atakimbia ikiwa ameambiwa anakuja kuokolewa? Kwa hiyo wale vijana waliokuwa wanaimba, Oredan wangu ndiye aliyewaua. Nikafunga kitabu, nikatoka nje, nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Haya, nikasema, basi nimpende Halmira. Nikampenda kama siku nne. Ndipo naye anatoroka kwa njia ileile ya mbuzi, anafunga mlango wa chuma nyuma yake, na majeruhi wamebaki upande wa pili wanagonga. Anawasikia. Anaendelea kutembea. Mwandishi wa namna gani huyu? Enzi zetu mbaya alikuwa mbaya, ukimwona tu unamjua, hata kofia yake ilikuwa tofauti.

Baani tumegawanyika. Spas ni wa Oredan mpaka kufa. Stanka ni wa Halmira. Mimi naulizwa niko upande gani na sijui niseme nini, mtu mzima nababaika.

Na sasa nakuuliza, nijibu kweli. Kitabu hiki ulikichagua makusudi? Nani aliwapa watu hawa habari za nyumba yetu? Ni Kamen aliyekutuma?

Baba yako,
Velko


Bologna, 27 Januari

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, bibi Ornella ana mafua, ameniambukiza. Nakuandikia nikiwa na taulo kichwani.

Kamen hakunituma. Na nitakuambia kweli yote: sijavisoma. Hata kimoja. Nilipita Sofia nikiwa na saa moja kabla ya basi, nikamwambia muuzaji nataka kitu cha mzee aliyebaki peke yake, kitakachomfikisha hadi majira ya kuchipua. Akaniuliza anapenda nini, nikasema anapenda kubishana. Akanipa hivi. Huyo Oredan wako nilikuwa nakubali tu, kama unavyokubali wewe nikikueleza habari za intaneti. Niliposoma barua yako nilikaa chini, baba. Nilisema, Mungu wangu, nimempelekea nini.

Kwa hiyo usiniulize mimi nani mbaya. Sijui. Hata yale ya kwetu sijui. Wewe unadhani mimi najua? Siku nyingine naosha vyombo namkasirikia Kamen, kisha nakukasirikia wewe, kisha najikasirikia mimi niliyekuwa huku nikituma salamu.

Mtu aliyevisoma vyote vitatu ni mmoja tu, unamjua. Aliniambia alivisoma mara mbili. Duka lake la matairi liko palepale nyuma ya stesheni ya Vidin. Ukitaka kujua habari za Halmira, basi la Vidin linaondoka kila asubuhi.

Binti yako mwongo,
Zorka


Lom, 20 Februari

Mwanangu Zorka,

Umepona mafua? Samahani nimechelewa kujibu. Barua ilikuwa mezani, na mimi nilikuwa naizunguka.

Kwa Stanka siendi tena. Ngoja nikueleze, kisha uniambie kama nimeanza kuchanganyikiwa.

Mwezi uliopita, siku chache baada ya barua yangu ya mwisho, Stanka kahesabu kwamba Oredan ametimiza siku arobaini tangu nilipowaambia kafa. Ulikuwa mzaha. Kachemsha ngano ya kumwombea marehemu, kaweka sukari na jozi juu, Spas kaleta rakia yake, na wakasema marehemu hawezi kukaa bila tanzia. Tukaandika. Picha hatuna, Stanka akachora ukuta na msalaba. "Siku arobaini bila mpendwa wetu Jenerali Oredan, aliyelinda ngome." Tunacheka, mpaka padri kapita akaonja ngano.

Tukafika chini, pale pa wanaomlilia. Spas akaandika: askari wake, wapishi wake, watu wa Lom. Akafunga kalamu. Nikamwambia, na Halmira? Akasema Halmira haingii, Halmira ndiye aliyemuua. Nikamwambia haiwezekani tanzia itoke bila jina la binti. Akasema huyo si binti, ni msaliti. Nikapandwa na damu, Zorka. Nikasimama. Nikamwambia, wewe hukusoma, mimi nimesoma, yule msichana alimlilia baba yake mlima mzima, hakuna siku hamtaji. Nikasema alichofanya ni kingine na damu ni kingine, na mtu anayemfuta mtoto kwenye tanzia ya mzazi wake hana haya. Nilisema hivyo. Niligonga na meza.

 Spas akawa anaangalia glasi yake. Stanka akaanza kufuta kaunta ambayo ilikuwa safi. Watu wote wale wamesoma tanzia za mama yako, wanazipita kila siku. Mimi nilikuwa wa mwisho kusikia nilichosema.

Nikachukua kofia nikaondoka. Karatasi wameibandika mlangoni kwa baa, nimeiona kwa mbali, na jina la Halmira lipo. Sijui nani aliliandika.

Sijalala vizuri. Kitabu cha tatu sijakifungua.

Baba yako,
Velko


Bologna, 28 Februari

Baba,

Mafua yamekwisha. Barua yako nimeisoma jikoni, nikacheka mpaka bibi Ornella akacheka bila kujua sababu, kisha nikalia, naye akalia, maskini.

Hujachanganyikiwa. Panda basi.

Binti yako,
Zorka


Lom, 9 Machi

Zorka mwanangu,

Salamu nyingi.

Nimekwenda. Nilivaa koti la sherehe kama mjinga, kwenda kwenye duka la matairi. Kamen alikuwa chini ya gari, nilimtambua kwa miguu tu, anavaa viatu vibaya vilevile. Akatoka, akaniona, akauliza, "Baba, nani kafa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, nimekuja kuuliza habari za Halmira. Akanitazama kama mtu aliyeletewa tairi la ndege.

Amezeeka. Hukuniambia kwamba ana mvi.

Tukakaa juu ya matairi, akatengeneza kahawa kwa kile kichemshio cha umeme. Tukazungumza Oredan, Tovik, njia ya mbuzi, mlango wa chuma. Haki ya Mungu tulizungumza vizuri. Nikamuuliza mwisho wa yote nani mbaya, akasema hajui, kitabu cha nne hakijatoka, mwandishi anakiandika mwaka wa saba sasa. Nikauliza mwandishi ana umri gani, anaumwa? Mimi nina miaka sabini na tatu. Hawezi kunifanyia hivyo.

Kisha nikamuuliza. Sikupanga. Nikasema, na wewe kwa nini ulimwambia mama yako?

Akasema, "Aliniuliza."

Nikasema hata mimi aliniuliza, nikamwambia vidonda.

Akasema, "Baba, alikuwa anajua. Alijua tangu kabla ya kulazwa, alimsikia daktari. Hakuniuliza ili ajue. Aliniambia, Kamen, mtu mmoja aliseme kwa sauti mara moja, halafu niacheni nilale. Nimechoka kuchagua rangi za jikoni ili baba yenu asilie."

Nikamwambia anasema uongo. Akasema sawa, basi nasema uongo. Hakubishana, akarudi kuosha vikombe. Ungembishia mtu anayebisha, lakini yule aliosha vikombe, na mimi nikajua ni kweli.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayapanga upya. Mimi namdanganya yeye ili aishi. Yeye ananidanganya mimi ili nisilie. Mkono umeshikwa, kijani, maziwa, kijani. Basi alikuwa peke yake, Zorka. Mimi nimekaa pale kitandani kila siku na alikuwa peke yake, hana wa kumwambia kwamba anaogopa, kwa sababu mimi nilishika kopo la rangi. Miaka mitatu nilikuwa na mtu wa kumkasirikia, nilimzoea. Sasa sijui niweke wapi hasira yote hii. Nikiiweka kwa Raina nasikia aibu. Nikiiweka kwangu haienei.

Nilishuka basi nikaenda moja kwa moja kwa Mirela kutoa tanzia. Nikamwandikisha: miaka mitatu bila Raina, wanaomlilia, binti Zornitsa, mwana Kamen. Mirela akaandika, akainua macho, akasema, "Na wewe, mzee Velko?" Nikasema acha hivyo. Akasubiri. Nikasema acha hivyo, mwanangu, chapa.

Usiniulize sababu, sina namna ya kuieleza. Zimebandikwa. Jina ulilolitaka lipo.

Baba yako,
Velko


Bologna, 12 Machi

Baba yangu,

Plamen amenipa barua yako mkononi leo, na jibu hili nampa hapohapo. Nimeisoma kwenye ngazi.

Huwezi kufanya hivyo. Mwanamke amekaa na wewe miaka arobaini, amejifanya anachagua rangi mpaka mwisho kwa sababu hakutaka kukuona unalia, halafu unajitoa kwenye tanzia yake kana kwamba hakukuona wa maana? Alichagua zile rangi kwa ajili yako. Mtu hafanyi kazi kama ile kwa ajili ya mtu asiye wake. Mimi sijui nani alikosea. Ila najua hilo.

Usinikasirikie: nimempigia Kamen simu nikamsomea barua yako yote.  Akasema ana gari la mteja linamsubiri, akakata.

Kesho kutwa nitamwashia mama mshumaa hapa. Rudi kwa Mirela, baba. Tafadhali.

Binti yako,
Zorka


Lom, 15 Machi

Mwanangu Zorka,

Mimi mzima. Barua yako Plamen kaileta jana jioni, tulipokwisha kurudi makaburini, kwa hiyo sikuisoma kabla. Nakueleza ilivyokuwa.

Asubuhi nilitoka na bakuli la ngano kwenda kanisani. Nikafunga geti, nikaona karatasi iliyopo si ile niliyobandika mimi. Picha ni ileile ya mama yako na ile blauzi. Chini imeandikwa: mume Velko, binti Zornitsa, mwana Kamen. Nikadhani nimeota kwamba nilijitoa. Nikaenda nguzo ya kwanza, hivyohivyo. Nguzo ya pili, hivyohivyo. Zangu zimebanduliwa zote, hakuna hata kipande chini.

Nilimkuta Kamen mlangoni kwa kanisa anabandika ya mwisho, gundi mpaka kwenye mikono ya koti. Alitoka Vidin kukiwa giza, na Mirela kamfungulia duka mapema. Nikamuuliza nani kampa ruhusa ya kunigusia tanzia.

Akasema, "Wewe uliponitoa mimi ulimwomba nani?"

 Nikasimama na bakuli langu. Sijui nilikuwa nimekasirika au nini, mpaka sasa sijui. Watu walikuwa wanaingia kanisani wanasoma, Spas na Stanka pia, wanaingia. Karatasi ilikuwa inapeperuka upande mmoja, upepo wa mtoni ulikuwa mkali. Nikaweka ngano chini, nikamshikia ile pembe, akapaka gundi.

Baba yenu,
Velko